Kwanza masaa, kisha mtihani: miaka thelathini na tatu ya Mama Élisabeth Kahambu

Tarehe 30 Septemba 2024, saa kumi kamili alasiri, Mama Élisabeth Kahambu atafunga kabati la Ofisi ya Mafunzo ya Madaktari Bingwa na kukabidhi ufunguo wake. Siku hiyo atakuwa ameitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na tatu na siku ishirini na nane. Mimi nilikuwa nimeandika miaka thelathini na tatu basi. Zile siku ishirini na nane aliziongeza yeye mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, pembeni mwa karatasi yangu.

Kamati ya sherehe ilinichagua mimi, Rémy wa Ofisi ya Takwimu, niandike wasifu huu. Wanaokumbuka kisa cha mwaka 2019 wanasema sikupewa heshima, nilipewa adhabu. Hawajakosea sana. Nitafika huko.

Mama Élisa, kama tunavyomwita, alizaliwa Butembo katika nyumba ya wafanyabiashara. Kwao walizaliwa watoto saba. Sita wanauza, mmoja anaandika. Kaka zake hawakuwahi kuelewa jinsi mtu wa ukoo wao anavyoweza kukaa siku nzima mbele ya karatasi bila kumuuzia mtu chochote. Alikuja Goma kwa ndoa, alipoolewa na Papa Carlos, seremala wa Murara, na hapo Murara ndipo walipowalea watoto wao wanne na ndipo wanapoishi hadi leo.

Jumatatu, tarehe 2 Septemba 1991, alianza kazi mapokezi. Kazi yake ilikuwa kuandika fishi, yaani kadi za wagonjwa. Baada ya mwezi mmoja mwandiko wake ulikuwa umejulikana hospitali nzima, na watu wa duka la dawa wakaanza kumletea karatasi za madaktari awasomee. Baadaye madaktari wenyewe walianza kumletea karatasi zao wenyewe awasomee. Hilo si utani, mashahidi wapo, na wawili kati yao sasa ni wakuu wa idara.

Mwaka 2008 hospitali yetu ilipoanza kufunza madaktari bingwa, alihamishiwa ofisi mpya. Kwa wasiojua, mafunzo hayo yana njia mbili. Kuna wanaosoma muda wote, miaka minne mfululizo wodini kwetu. Na kuna wa nusu muda, wale tunaowaita mi-temps, ambao tayari wana vituo vyao huko nje. Daktari wa Kibumba hufanya siku tatu Kibumba na siku tatu hapa. Daktari wa Vitshumbi, kwa sababu ya umbali, hufanya majuma mawili huko ziwani na mawili hapa. Sababu ni nyepesi: ukimtoa daktari mmoja Kibumba, Kibumba haina daktari.

Hapo ndipo rejista ilipozaliwa. Ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, na sasa vimefika kumi na vinne. Kila daktari anayefunzwa, awe wa muda wote au wa nusu muda, lazima aandike kwa mkono wake saa aliyoingia, na jioni saa aliyotoka, kisha aweke sahihi. Mama Élisa alijumlisha masaa hayo kila Ijumaa, kwa sababu programu yetu inadai masaa elfu saba kando ya mgonjwa. Meza yake aliiweka kwenye korido, mahali ambapo huwezi kufika wodini bila kumpita. Madaktari walikuja mbio, stetoskopu shingoni, wakidhani haraka itawaokoa. Haikuwaokoa. "Kuya usaini kwanza, docteur," aliwaambia. "Bagonjwa batakungoja dakika moja. Hii registre, hakuna mutu atakusainia."

Kuna daktari mmoja wa upasuaji, simtaji, ambaye asubuhi moja aliandika saa ya kuingia na saa ya kutoka kwa mpigo, ili jioni asisumbuke. Aliandika kwamba ametoka saa kumi alasiri. Saa tatu asubuhi alipofika mlangoni mwa chumba cha upasuaji, alikuta ujumbe kwamba hawezi kuingia, kwa kuwa kwa mujibu wa rejista ameshakwenda nyumbani. Alirudi kwenye meza ya korido kufuta. Hakuna aliyemwona akirudia.

Mwaka 2016 mimi nilimletea kompyuta. Aliipokea kwa heshima, akaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na akaendelea na kitabu. Nilimcheka. Umeme ulipokatika siku nne mfululizo, nilikwenda kwake kuomba takwimu za mwezi, naye alinisomea zote kutoka kitabuni. Kitambaa kilikuwa bado juu ya kompyuta.

Mei 2021, mji ulipoamriwa kuhama kwa sababu ya volkano, yeye na Papa Carlos walikwenda Sake kwa miguu. Papa Carlos alibeba godoro. Mama Élisa alibeba rejista mgongoni, imefungwa kwa kitenge. Cheti chao cha ndoa kilibaki kwenye droo, na Papa Carlos hulitaja jambo hilo katika kila sherehe anayoalikwa, kwa hiyo jiandaeni. Kurasa za siku zile zina maneno matatu tu: Volkano. Masaa, sifuri. Docteur Honoré, wa mi-temps, alikuwa ametibu waliohama kule Sake siku sita bila kupumzika, akaomba masaa yake yaandikwe. Mama Élisa alikuwa kulekule na alimwona kwa macho yake. Hata hivyo alimrudisha Sake akatafute sahihi na muhuri wa muuguzi mkuu. "Kumuona nilimuona," alituambia, "lakini macho yangu haina cachet." Honoré alikwenda, akarudi na muhuri.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Kwetu mtu hasomi peke yake. Anasoma na promotion yake, yaani kundi aliloanza nalo. Kila promotion ina kitenge chake, kinachochaguliwa kwa mabishano makali kuliko mtihani wowote. Siku ya kutangaza matokeo, wote hukivaa na kupigwa picha mbele ya jengo la utawala. Asiyekuwemo katika picha ile, watu husema amebaki, na neno hilo humfuata hadi kanisani.

Kwa hiyo mwaka wa nne ulipoisha, madaktari wa mi-temps walikuwa na nusu tu ya masaa, lakini kitenge kilikuwa kimeshashonwa. Sheria yetu ya wakati ule ilisema mtihani wa mwisho hufanywa baada ya mwaka wa nne. Masaa elfu saba yalitajwa kwenye programu, ila hakuna aliyeandika kwamba asiyeyafikisha asikubaliwe kuingia. Basi waliingia na wenzao. Mama Élisa alimwita kila mmoja kwenye meza yake na kumwambia maneno yaleyale manne: "Kwanza masaa, kisha examen." Wachache walimsikia. Wengi hawakumsikia, na siwalaumu. Nguo imeshashonwa, nani ataiacha nyumbani?

Mei 2019, Baraza la Mafunzo liliniomba jedwali la matokeo. Nilikusanya ya miaka yote. Wa muda wote, watu kumi na wanane walikuwa wamefanya mtihani wa mwisho, na kumi na watano walifaulu mara ya kwanza. Wa mi-temps walikuwa kumi na mmoja, na wanne walifaulu. Nililichora jedwali kwa rangi. Mi-temps niliwapa nyekundu. Chini yake niliandika: "Mafunzo ya nusu muda yanatoa madaktari dhaifu." Nilikuwa nimeombwa tarakimu, sikuombwa sentensi. Niliiongeza kwa sababu jedwali lilionekana uchi.

Kutokana na sentensi ile, likaja pendekezo la kuifunga njia ya nusu muda kuanzia Oktoba. Kila daktari wa mi-temps angechagua: ahamie hapa moja kwa moja, au aache masomo.

Aliyekuwa na mengi ya kupoteza ni Docteur Alliance, aliyekuwa akisomea magonjwa ya watoto tangu 2015 huku akikihudumia kituo cha Kibumba peke yake. Juma lile alikuja na gunia la viazi vya Kibumba, akaliweka kando ya meza ya korido. Mama Élisa alimwambia alirudishe. "Registre haikulake viazi, docteur." Alliance alikaa juu ya gunia lake na kulia. Nilikuwa napita. Nilimsikia akisema: "Nikiacha Kibumba, batoto batabaki na nani? Nikiacha masomo, hii miaka yote inaenda wapi?" Mimi niliendelea na safari yangu, jedwali kwapani.

Katika Baraza, Mama Élisa alikuwa karani wa kuandika muhtasari, na desturi ya Baraza inajulikana: anayeandika hasemi. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kusikia sauti yake katika chumba kile. Profesa Landry, mkuu wa mafunzo, mtu wa haki lakini mwenye haraka, alikuwa karibu kupigisha kura, sauti hiyo ikasikika. "Prof, niko naomba niweke kalamu chini."

Profesa alikubali, ila muhtasari ulihitaji mtu wa kuuandika, na aliyekaa karibu zaidi na kalamu ile nilikuwa mimi. Ndivyo ilivyotokea kwamba kushindwa kwangu kumeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, na kumehifadhiwa kwenye jalada la Baraza.

Alifungua rejista. Kwa kila mmoja wa wale kumi na mmoja wa jedwali langu, alisoma masaa aliyokuwa nayo siku ya mtihani. Saba walikuwa wameingia pamoja na promotion zao, na hakuna hata mmoja aliyefikisha masaa elfu nne. Kati ya hao saba, alifaulu mmoja. Wanne waliobaki walikuwa wamesubiri hadi elfu saba yalipotimia, wakaachwa na promotion zao, wakavumilia kusemwa. Kati ya hao wanne, watatu walifaulu. "Papa Rémy alihesabu miaka, hakuhesabu masaa," alisema. "Badocteur ba mi-temps, mwaka yabo iko nusu."

Mjumbe mmoja alimuuliza, kwa adabu lakini bila upole, karani anajuaje kinachomwangusha daktari mtihanini. Mama Élisa alifunga rejista. Ndipo aliposimulia jambo ambalo hata mimi, niliyekula naye chakula cha mchana miaka mingi, sikuwahi kulisikia.

Mwaka 1992 alianza masomo ya ukatibu, ya jioni, huku mchana akifanya kazi mapokezi. Yalikuwa masomo ya miaka mitatu. Ukaja mwaka 1994, na wakubwa wetu wanajua mwaka ule ulikuwaje Goma: wakimbizi, kipindupindu, wagonjwa hadi kwenye ua. Miezi mingi hakutoka hospitalini. Masomo ya karibu mwaka mzima yalimpita. Mwaka 1995 promotion yake iliingia mtihanini, na kitenge kilikuwa kimeshashonwa, cha njano chenye majani ya kahawia. Naye akaingia. Alianguka masomo matano kati ya tisa. Aliona haya, na hakurudi tena. Kile kitenge hajawahi kukivaa. Kimo kwenye sanduku Murara. "Sikukuwa mujinga," aliwaambia wajumbe. "Nilikosa masaa."

Niliyaandika yote. Herufi zangu za ukurasa ule hazisomeki vizuri, na mnaweza kwenda kutazama. Niliona aibu, na sioni sababu ya kuificha.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakutaka ushindi mkubwa kuliko aliostahili. Profesa alipoanza kumsifu, alimkatiza. "Batu bane ni kidogo, Prof. Hatuyajua bado. Mutupatie miaka, tutaona." Baraza likaamua hivi: mtihani utafanywa masaa yakitimia, uwe mwaka wa nne au wa nane; na njia ya nusu muda ipewe miaka mitano ya kujaribiwa. Ile sentensi chini ya jedwali niliikata mimi, kwa kalamu yake.

Miaka mitano hiyo imekwisha, na haya ndiyo matokeo. Madaktari tisa wa mi-temps wameingia mtihanini wakiwa na masaa kamili, na wanane wamefaulu mara ya kwanza. Wa muda wote walikuwa ishirini na wanne, na ishirini wamefaulu. Sitasema nani ni bora. Nimejifunza kutoandika sentensi chini ya jedwali.

Docteur Alliance alisubiri. Mwishoni mwa 2019 promotion yake ilivaa kitenge cha kijani, ikapigwa picha bila yeye, na parokiani kwao watu walisema amebaki. Barabara ya Rutshuru ilipofungwa kwa sababu ya vita na watu wa Kibumba wakahamia kambini Kanyaruchinya, naye alihamia huko pamoja na wagonjwa wake, akaendelea kuja kwetu siku zake tatu. Septemba 2023, baada ya miaka minane, masaa yake yalifika elfu saba na kumi na mawili. Alifaulu. Leo watoto wa Kibumba, popote walipo, wana daktari bingwa wao. Alileta tena gunia la viazi, safari hii vya kununuliwa sokoni, maana Kibumba hakukuwa na mavuno. Mama Élisa alilipokea na kuligawa korido nzima. Mimi nilipata vitatu, vidogo kuliko vyote, na naamini alivichagua.

Siku ile ya Baraza nilimfuata mlangoni kumwomba radhi. Aliniambia tu, "Siku ingine uandike muzuri, Papa Rémy," akaenda zake. Basi naandika vizuri leo, mbele ya watu wote: Mama Élisa, nilikosea, na kosa langu lingewafukuza watu waliokuwa wakifanya kazi mbili. Nisamehe.

Meza ya korido itachukuliwa na Mama Joyeuse, aliyefundishwa miaka miwili kando ya rejista. Nasikia agizo la kwanza alilopewa ni kutomwamini daktari wa upasuaji yeyote kuhusu saa ya kutoka.

Wengi wetu tulidhani mstaafu huyu, mwenye umri wa miaka sitini na mitano, anakwenda kupumzika. Juma lililopita aliingia ofisini kwangu na fomu, akaniomba nimkagulie tarakimu. Ilikuwa fomu ya kujiandikisha katika chuo kilekile cha jioni, masomo ya ukatibu, mwaka wa kwanza, kuanzia Oktoba. Hakuomba kuendelea pale alipoachia. Alisema masaa ya mwaka 1992 yameoza. Nilikagua tarakimu zote mara tatu. Papa Carlos tayari anamtengenezea meza.

Habari ilienea kabla sijafika mwisho wa korido, na sikanushi kwamba mimi ndiye niliyeieneza. Wale madaktari wanane wa mi-temps waliofaulu walichukua rejista mpya, ya kumi na tano, lakini hii si ya hospitali. Ukurasa wa kwanza Docteur Alliance ameandika kwa mkono wake: Mwanafunzi, Kahambu Élisabeth. Masaa, sifuri. Watapokezana kuweka sahihi ya shahidi. Ofisi ya Takwimu imeombwa kujumlisha kila Ijumaa, na imekubali.

Kamati ilimuuliza kama siku ya sherehe atavaa kile kitenge cha njano cha mwaka 1995. Alijibu kwa ufupi: "Bado. Masaa haiyafika."

Mama Élisa, asante kwa kila ukurasa. Asante kwa kutusimamisha mlangoni hata tulipokasirika. Tunakuombea afya njema, macho mazuri na umeme wa kutosha nyumbani Murara, wewe na Papa Carlos na wote wako. Usiharakishwe na mtu. Siku masaa yatakapotimia, ukifungue kile kitenge na utuite sote mbele ya jengo la utawala. Picha yako hatujaipiga bado, na mwaka huu sisi ndio promotion yako.

Rémy, Ofisi ya Takwimu